Kikao cha Kumfuta Dada Mkubwa

Mnunuzi wa vyuma chakavu alisema angefika Jumamosi saa nne asubuhi, na watu wa biashara ile hawana tabia ya kuchelewa. Kwa hiyo Alhamisi ile, alipokuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, Karani alijua amebakiwa na siku mbili tu za kuitwa mtu mwenye gari.

Mkewe alikuwa ameshaambiwa. Tuseme alimwambia kwa mtindo wa waoga: aligeukia dirisha, akashusha sauti, akasema gari linaondoka Jumamosi, limefika mwisho. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo mezani nyuma yake, akajibu kwamba ndiyo, na sabuni nayo imekwisha. Mtu muungwana angerudia. Karani alinyamaza, akajihesabia kuwa ameshasema.

Gari lenyewe lilikuwa uani chini ya paa la bati, jeupe zamani, sasa rangi ya maziwa yaliyolala. Watoto waliliita Dada Mkubwa kwa sababu liliingia katika nyumba ile mwaka mmoja kabla ya binti wa kwanza, na wote watatu walipelekwa kuzaliwa ndani yake. Yule binti, ambaye leo ana watoto wa sekondari, bado humtania baba yake kwamba yeye ni mzaliwa wa kwanza kwenye makaratasi tu. Aliwahi kuomba viatu vipya akaambiwa avute subira, Dada Mkubwa anahitaji matairi. Hajasahau, na kila akija kusalimia hulipiga gari teke dogo la kindugu kwenye tairi.

Karani alikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ile ilimwingia mwilini. Hospitalini hakuna kitu kilichotupwa kienyeji. Kitanda kikivunjika, beseni likitoboka, hata kipimajoto kikipasuka, sharti kamati ya kufuta vifaa ikae, ikione kitu chenyewe kwa macho, iandike hali yake na uamuzi, wajumbe watie saini. Bila hivyo, beseni lililotoboka linaendelea kuwa beseni zima kwenye daftari, na mtunza stoo analala nalo kichwani. Karani aliihamishia kanuni hiyo nyumbani bila kubadilisha hata nukta. Kila kifaa kikuukuu kilichotoka kwenye gari, plagi, mkanda wa feni, hata skrubu iliyolika kichwa, kiliwekwa mezani Jumamosi wakati wa chai ya jioni, mbele ya kamati ya watu wawili. Yeye ndiye katibu. Mwenyekiti ni mkewe.

Wakati wa ujana wao watu waliona ni utani wa mume na mke, na ulikuwa utani kweli, ila ulikuwa na daftari. Daftari la kwanza lilijaa, likafuata la pili, na sasa walikuwa kwenye la tano. Ukilifungua unakuta mwandiko wa Karani, umelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo: Kifaa, plagi nne. Hali, zimeungua. Uamuzi, zifutwe. Kisha saini mbili. Pembeni, kwa kalamu ya mwenyekiti, kuna maneno ambayo kamati ya hospitali isingeyakubali: leo mtoto ameota jino, leo katibu kanuna bila sababu, leo mvua kubwa, tumekaa garini tukala karanga.

Mwenyekiti hakupewa cheo kwa upendeleo. Alikuwa opereta wa simu, zamani zile simu zilipokuwa zikiunganishwa kwa mkono, na sikio lake lilikuwa na sifa mji mzima. Aliweza kukuambia laini imelowa maji maili kadhaa kutoka hapo kwa kusikiliza mkwaruzo wake tu. Ndivyo walivyojuana. Karani alikuwa akipiga simu kuagiza dawa na pamba, na ikafika siku opereta akamjibu kabla hajafungua kinywa: "Stoo ya hospitali, habari za asubuhi." Akamuuliza amejuaje. Akaambiwa: "Unavuta pumzi kabla ya kusema haloo." Karani aliporudi kwenye rafu zake siku hiyo alihesabu mashuka yale yale mara tatu.

Basi mikono ikawa ya mume na masikio yakawa ya mke. Jumamosi asubuhi Karani alitandika shuka kuukuu la bluu chini ya gari, akapanga spana kwa ukubwa, na kila alichokifungua alikilaza juu ya shuka kwa mpangilio aliokifungulia, kutoka kushoto kwenda kulia, ili kurudisha kusiwe na ubishi. Mkewe alikaa kwenye kigoda na kipande cha mpini wa ufagio, urefu wa mkono. Huo ufagio Karani aliukata mwaka wa kwanza wa ndoa bila kuomba ruhusa, na hadi leo hajasamehewa. Injini ikiwa inaunguruma, mkewe aliweka ncha moja ya kijiti kwenye chuma na nyingine kwenye tundu la sikio, akafumba macho, akasogeza hapa na pale. Halafu alisema, kwa sauti ile ile ya kuunganisha simu: ni huyu. Karani alifungua palepale, na sikio la mkewe halikukosea hata mara moja. Kwa upande wa Karani, injini zote zilisema neno moja tu, na neno lenyewe hakulielewa.

Enzi hizo gari lilikuwa kitu cha kuingilika. Ukifunua boneti unaona ardhi chini, na mtu mwembamba angeweza karibu kusimama ndani. Plagi unaisafisha kwa msasa wa kiberiti, mkanda ukikatika unajua la kufanya, gasketi, kile kikaratasi cha kuziba maungio, unaikata mwenyewe kutoka kwenye kadibodi. Spea uliyonunua ilikuwa nzito mkononi, imepakwa grisi, imefungwa kwenye karatasi ya nta, na ukiifunga umemaliza, unaisahau kwa miaka. Kutokana na hayo Karani alijitungia kanuni yake ya kutafuta ubovu, akaiishi kama sala: mshuku kwanza aliye mzee. Kipya hakina kesi. Gari likigoma, tafuta kilichokaa muda mrefu kuliko vyote, hapo ndipo penye ugonjwa. Kwa miaka thelathini kanuni hiyo haikumwangusha.

Siku hizi ndizo zilizomshinda. Mwaka uliopita mkwe wake alikuja na gari jipya linalong'aa, taa ya manjano imewaka mbele ya usukani, hajui inadai nini. Karani akakunja mikono ya shati kwa furaha ambayo hakuificha. Akafunua boneti akakuta mfuniko mweusi wa plastiki, umefunika kila kitu kutoka ukuta hadi ukuta, hauna hata pa kupenyeza kidole. Alizunguka gari mara mbili. Mkwe, kijana mwenye adabu zake, akamwambia asijisumbue, baba, hii hata mimi siruhusiwi kuigusa, inafunguliwa kwa kompyuta. Karani akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo vyote viwili, akasema ni gari zuri.

Na spea zake mwenyewe ziligeuka kuwa mchezo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alinunua plagi, zikadumu wiki sita. Alinunua mpira wa breki, ukavimba kama andazi. Kila kitu kilikuja kwenye boksi la kupendeza lenye kibandiko kinachometameta na neno "orijino" limeandikwa mara tatu, na mtu mzima anapaswa kujiuliza kwa nini kitu cha kweli kinaapa mara tatu. Karani hakujiuliza. Boksi kwake lilikuwa boksi. Alikulia katika ulimwengu ambao kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani, na alifanya kazi humo miaka thelathini na mmoja.

Ikaja habari ya pampu ya maji. Pampu ya zamani ilianza kudondosha maji kidogo, tone baada ya tone, pale inapokutana na injini. Karani alijua ni gasketi tu imekauka. Alikwenda kwa muuza spea kuomba gasketi, akaambiwa gasketi peke yake haiuzwi, inakuja na pampu nzima. Akasema basi atakata mwenyewe kama zamani. Muuza spea akacheka, si kwa ubaya, akamwambia mzee wangu, siku hizi nani anakata gasketi, macho yenyewe hayo? Lile neno la macho lilimchoma. Akanunua pampu nzima, orijino mara tatu, akaifunga mwenyewe kwa siku mbili akiwa amelala juu ya shuka la bluu, mgongo ukimlilia. Alipomaliza akapiga picha kwa simu, akawatumia watoto wote. Pampu ya zamani akaitia kwenye mfuko wa karatasi, akaandika tarehe, akaiweka chini ya kitanda ikisubiri kikao.

Kikao hakikukaa. Hapa ndipo pagumu pa kusimulia, kwa sababu hakuna aliyekosa na wote wawili walikosa.

Mwenyekiti alikuwa ameacha kusikia. Haikuwa ghafla. Kwanza ilikuwa birika, linapiga mluzi mpaka maji yanakauka. Kisha wajukuu, eti siku hizi wanamung'unya maneno. Kisha akaanza kucheka baada ya wengine kucheka, nukta moja nyuma, akitazama midomo. Karani aliona kila kitu na hakusema kitu. Aliongeza sauti ya redio bila kuombwa, akaanza kuingia chumbani kwa kukanyaga kwa nguvu ili asimshtue. Mke naye aliona kwamba mume ameona, akanyamaza. Mtu aliyesifiwa mji mzima kwa sikio lake hawezi kirahisi kusema sikio limekwenda. Wakiwa garini Karani akiuliza, kwa mazoea, analisikiaje leo, alijibiwa: "Liko sawa tu." Kwa miezi mingi lilikuwa sawa tu, hata siku bomba la ekzosi lilipoanguka barabarani.

Kwa hiyo wiki mbili baada ya pampu mpya, mlio ulipoanza, mlio mzito wa kusaga unaoongezeka ukikanyaga mafuta, Karani hakumuuliza mtu. Kumuuliza kungekuwa kumdhalilisha, ndivyo alivyojiambia. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alilipeleka gari kwa fundi peke yake, mkewe akiwa sokoni.

Fundi wa gereji ya kona alikuwa na mashine yake ya kupimia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta pa kuichomeka. Akatafuta chini ya usukani, akatafuta kwenye boneti. Gari halikuwa na tundu. Alionekana kama daktari aliyeletewa mgonjwa asiye na mkono wa kupima mapigo. Akasikiliza injini kwa muda wa kujibu ujumbe mmoja kwenye simu, kisha akasema kwa huruma kwamba hizo ni beringi za ndani kabisa, krenkshafti imekwisha, injini imekula chumvi ya kutosha, mzee, iache ipumzike. Karani angeweza kubisha. Lakini fundi alisema kile kile ambacho kanuni yake mwenyewe ilisema: mshuku kwanza aliye mzee. Injini ndiyo iliyokuwa mzee kuliko vyote. Akainamisha kichwa, akapiga simu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu akiwa bado pale gereji, asije akabadili nia njiani.

Ijumaa asubuhi alianza kutoa vitu garini. Alikuwa amejipanga kumaliza kabla mkewe hajatoka kuoga. Akatoa mwavuli, akatoa ramani iliyokatika kwenye mikunjo, akatoa kiatu cha mtoto, kimoja, ambacho mwenyewe sasa ana ndevu. Chini ya kiti cha nyuma akakuta maganda ya karanga ambayo hayawezi kuwa ya siku ile ya mvua kubwa, na bado aliyaacha yalipo. Kwenye buti, chini ya jeki, kulikuwa na kile kijiti cha ufagio, kimekuwa cheusi na laini upande mmoja kwa kushikwa. Alikaa kwenye ukingo wa buti akakiweka magotini, na akalia kidogo, kwa siri, kama wanavyolia wanaume wa rika lake, yaani kwa kupenga kamasi mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Alitazama vitu vilivyopangwa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuhitaji masikio kuelewa.

"Linakwenda wapi?" akauliza.

Karani akainuka, akaja mbele yake ili aone midomo, akasema safari hii kwa sauti. Alisema yote, ya fundi, ya injini, ya Jumamosi saa nne. Mkewe alimsikiliza kwa macho mpaka mwisho. Halafu akaingia ndani, na Karani akafikiri amekwenda kulia. Alirudi na daftari la tano na kalamu, na alipomwita hakumwita baba wala mzee wangu.

"Karani," alisema, "kikao kimekaa lini?"

Karani akaanza kusema kwamba gari si plagi. Mkewe akamwambia plagi nne zilipata kikao, skrubu ilipata kikao, na Dada Mkubwa anafutwa kwa simu, nyuma ya mgongo wa mwenyekiti. Hakupandisha sauti. Akafungua ukurasa mpya, akaandika yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza akishika kazi ya katibu: Kifaa, Dada Mkubwa. Kisha akausogeza mkono kwenye mstari wa pili, penye Hali, akauacha wazi. Mjumbe hawezi kuandika hali ya kitu ambacho hajakikagua.

"Washa," akasema, akanyoosha mkono kudai kijiti.

Karani alimpa. Alijua mkewe hatasikia. Alijua kwamba mkewe mwenyewe anajua hatasikia, na anakwenda kusimama mbele ya ile injini, macho kafumba, kisha afungue macho na aseme nini? Liko sawa tu? Alitaka kumzuia, akawa hana neno la kumzuia nalo lisilokuwa lile neno lenyewe ambalo wamelikwepa kwa miaka miwili. Akapiga moyo konde, akaingia, akawasha. Injini ikaunguruma, na ule mlio wa kusaga ukaanza mara moja, mbaya, kama mtu anayetafuna mchanga.

Mkewe aliinama juu ya boneti. Aliweka ncha ya kijiti kwenye injini, kwenye chuma kikubwa cha katikati, na nyingine kwenye tundu la sikio kama siku zote. Karani alimwona kupitia mwanya wa boneti. Aliona uso wake umetulia kwa namna ya mtu anayesubiri upande wa pili wapokee. Hakuna aliyepokea. Akabadilisha sikio. Akasogeza kijiti, na mkono wake ukakosea. Kijiti kikateleza kutoka kwenye tundu kikagonga nyuma ya sikio, kwenye ule mfupa, kikakaa hapo.

Akafungua macho.

Hakukiondoa. Alikikandamiza zaidi, mpaka kichwa kikalala upande, na kinywa kikabaki wazi kidogo. Akasogeza ncha ya chini: chuma cha katikati, akatulia. Chini kidogo, akatulia. Upande wa kushoto, akatulia. Alikuwa anazunguka injini yote, tundu kwa tundu, kama alivyokuwa akizunguka laini zake zamani, na Karani ndani ya gari aliona machozi yakimtoka mkewe bila uso kubadilika. Mwisho akafika mbele, nyuma ya feni. Akaruka kama aliyeguswa na umeme, akacheka kwa sauti.

Alimwashiria azime, akaja dirishani huku amekumbatia kile kijiti.

"Dada Mkubwa hana neno," alisema. "Anazunguka vizuri, namsikia kwa mfupa mpaka chini. Anayelia ni mgeni wako. Ni hiyo pampu."

Karani akasema haiwezekani, pampu ni mpya.

"Ndiyo hiyo hiyo mpya. Baba, umeanza kuwashuku wazee, mgeni ukamwacha anakula sebuleni."

Kuna namna rahisi ya kujua, na Karani angeifanya siku ya kwanza kabisa kama si ile kanuni yake. Alilegeza mkanda wa feni, akauvua, ili pampu isizunguke, akawasha tena kwa dakika moja. Dada Mkubwa akaunguruma laini kama siku alizokuwa akipeleka wajawazito. Karani akashika gurudumu la mkanda la pampu ile mpya kwa vidole, akalitikisa: likacheza huku na huku, beringi imeshaliwa, wiki tatu tu. Orijino mara tatu. Alisimama pale, mwanamume mzima aliyeingizwa mjini na boksi, na kitu alichokihisi zaidi ya hasira kilikuwa aibu, kwa sababu alikuwa amewahukumu wawili kwa kosa la kuzeeka, na wote wawili walikuwa wazima.

Mchana wote ule walikuwa chini ya bati. Pampu ya zamani ilitolewa chini ya kitanda, kwenye mfuko wake wa karatasi wenye tarehe. Gasketi Karani aliikata mwenyewe kutoka kwenye jalada la faili la kazini, lile la rangi ya kaki lisilokufa. Aliliweka juu ya mdomo wa pampu, akaligonga kwa nyundo ndogo kuzunguka ukingo mpaka kadibodi ikakatika kwa umbo lenyewe. Macho yalipomshinda kwenye matundu ya bolti, mkewe aliyamalizia kwa mkasi wa kucha. Wakapaka grisi, wakafunga bolti nne kwa zamu, kidogo kidogo, bila kukaza moja kabla ya nyingine. Wakajaza maji kwenye rejeta. Wakasubiri wakitazama chini, vichwa karibu kugusana, mahali ambapo tone lilikuwa likidondoka. Halikudondoka.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika Jumamosi saa nne kasoro dakika mbili. Alipewa chai, akapewa maelezo marefu kuliko alivyohitaji, na kwa kuwa hakutaka kurudi mikono mitupu alipewa pampu ya maji ya wiki tatu, ndani ya boksi lake. Aliigeuza-geuza akasema mbona kama mpya. Mwenyekiti, aliyekuwa akitazama midomo yake, alijibu kwamba hilo ndilo tatizo lake.

Jioni kikao kikakaa rasmi, garini, kwa kuwa ajenda ilikuwa humo humo. Gari limezimwa uani, milango wazi, daftari kwenye usukani. Pampu mpya ilifutwa kwa kauli moja bila kuwepo. Dada Mkubwa alirudishwa kazini. Kisha katibu akaweka kalamu chini. Alichukua kijiti kwenye miguu ya mkewe, akaweka ncha moja nyuma ya sikio la mkewe, kwenye ule mfupa, taratibu, na nyingine akaibana kwenye taya lake mwenyewe. Jirani aliyekuwa akipita nje ya ua aliwaona wazee wawili wameunganishwa vichwa kwa kipande cha ufagio, akaona ni bora aendelee na safari yake.

Karani akavuta pumzi.

"Haloo," akasema mkewe kabla hajafungua kinywa.

Akaambiwa basi, kupitia mbao, kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele, yale aliyopaswa kuambiwa miaka miwili nyuma: kwamba alijua, kwamba aliogopa kumuuliza asije akajibiwa uongo, na kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Mkewe alisikiliza yote akiwa amefumba macho. Alisema binti yao amekuwa akimsumbua aende kwa daktari wa masikio, na Jumatatu atakwenda, ila apelekwe na Dada Mkubwa. Kisha akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kipengele cha mwisho, akamsukumia daftari atie saini.

Kifaa: masikio ya mwenyekiti. Hali: mabovu kwa mbali, mazima kwa karibu. Uamuzi: hayafutwi.

Karani alitia saini, na kwa kuwa yeye ni mtunza stoo, akaweka na tarehe.